Dalia na Talia kwenye Kijia cha Majani Chai

Mjukuu wangu wa kike anafanya kazi bandarini Mombasa, kwenye chumba cha kuongoza meli. Anakaa mbele ya skrini na redio, anaambia meli hii iingie, ile ingoje, kwa sababu njia ya kuingia ni nyembamba na zote zinaitaka.

Alipokuwa bado anajifunza, alikuja kwangu likizo. Nikamwacha amalize chai.

"Kogo," akasema, "nimegonganisha meli mbili."

Nikashika kifua. Kumbe ni za mtihani tu, za kwenye kompyuta. Moja Dalia, nyingine Talia. Alitaka Talia ingoje, lakini ulimi wetu wa Kipsigis, usiotenganisha T na D wala K na G, ukatoa Dalia. Dalia ikasimama, Talia ikaja. Alikuwa amebakishiwa mtihani wa marudio, na akianguka tena, kazi anapewa mwingine.

Sisi hapa nyanya ni kogo, nyumba ya pili ni gogo, na hakuna mtoto amewahi kupotea kwa sababu ya hiyo. Baharini ni mambo mengine.

Nikasema nitamsikiliza. Majina hayanitoki, hata ya ng'ombe wa mama yangu ninayo yote. Lakini sikio langu nalo ni kama ulimi wake: kila alichosema nilikiona sawa. Ikabidi nimwite jirani, mama aliyetoka upande wa ziwa kuchuna chai ya kampuni akazeekea hapa. Yeye hachanganyi hizo herufi, na hajawahi kutuhurumia.

Tukaenda kwenye kijia cha katikati ya majani chai, pale vikapu viwili havipishani. Mimi Dalia nikishuka, jirani Talia akipanda, mjukuu kando na kikombe mdomoni, ndio redio.

Akaita, "Talia, ngoja hapo."

Nikaendelea kushuka. Jirani akaja tu na kikapu chake mpaka akanisukuma ndani ya chai.

"Ni wewe umeambiwa ungoje," nikamwambia.

"Ameita Dalia, mama. Mimi napita. Sasa tumezama."

Tukazama mara nyingi siku hiyo. Mwishowe mjukuu akatuambia kwamba watu wa redio wana neno la kila herufi: D ni Delta, T ni Tango, K ni Kilo. Yeye alikuwa anaona aibu kulitumia kila saa, kama mtoto wa nasari.

"Litumie," jirani akasema. "Hata ukisema Telta, nani atasikia Tango?"

Kuanzia hapo ikawa, "Talia, Tango, ngoja. Dalia, Delta, pita." Nikapita, kikapu changu hakikugusa cha jirani.

Siku ya mtihani simu ililia nikikamua. Nikaipokea.

"Kogo," akasema, pole pole. "Ya Kilo. Nimepita."

Nikaacha ng'ombe hapo hapo, nikaenda kwenye ua kumwita jirani. Nikamwambia mtoto amepita, na mimi sasa ni Kogo ya Kilo.

"Kilo ngapi?" akauliza.