Siku ya Mahafali, kwa Kiitaliano

Dada yangu alitwambia mapema: mahafali yake ya uuguzi, huko Italia, ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mama alitaka kuloweka ulezi papo hapo, kwa sababu malwa ni pombe ya ulezi isiyoharakishwa, huchukua zaidi ya wiki kuiva. Baba mkubwa akakataza. Kwetu Kisoko ulezi wa sherehe haulowekwi mpaka mkubwa wa ukoo akubali, na yeye alitaka siku itajwe na chuo, si na dada. Wasichana wanaokwenda huko, alisema, wanaosha wazee wa watu, kisha wanatuma picha wamevaa majoho ya kuazima.

"Wewe si msomi?" akaniambia. "Waulize."

Msomi mwenyewe digrii yangu iko kabatini, nami nauza vitenge pamoja na mama huko Busia, mpakani. Nilikiandikia chuo barua pepe kwa Kiingereza, haikujibiwa. Nikapiga simu, mwanamke akaomba radhi kwa Kiingereza cha kuokoteza, akakata. Basi nikajifunza sentensi moja: Quando si tiene la cerimonia di laurea? Mahafali yanafanyika lini?

Niliirudia nikikunja vitenge hadi mteja mmoja wa upande wa Kenya akauliza kama naomba ama nalaani. Je, ulimi ukiteleza? Wakicheka? Wakijibu haraka nisielewe, nikabaki nimeshika simu kama jiwe? Nikajifunza siku zote za wiki, saa, na namna ya kumwomba mtu aseme polepole.

Jumatatu ya wiki yenyewe nilikwenda Kisoko na mama, nikaweka simu mezani mbele ya baba mkubwa, sauti juu. Mwanamke yuleyule akapokea. Nikasema sentensi yangu, nikataja na kozi ya uuguzi. Akamwaga maneno kama mahindi yanayotoka guniani. Kidole changu kilikuwa tayari kimefika kwenye kitufe cha kukata.

"Lentamente, per favore," nikasema. Polepole, tafadhali.

Akarudia. Venerdì, alle dieci.

"Ijumaa," nikamwambia baba mkubwa. "Saa nne asubuhi, kwa saa zao."

Akauliza nimejuaje kwamba hiyo ni Ijumaa. Nikaisukuma simu mpaka kwenye magoti yake.

"Namba ni hiyo, baba. Sentensi nitakufundisha. Muulize wewe."

Hakuigusa. Nami nikatoa lililokuwa limenikaa kooni: hata kama dada angekuwa anaosha wazee, ni mzee gani asiyetaka kuoshwa?

Akasema sawa, ulezi ulowekwe.

"Malwa ya Ijumaa hii, shemeji?" mama akauliza, taratibu kabisa.

Baba mkubwa akapendekeza sherehe isogezwe mpaka pombe iive. Nikakataa. Siku ilikuwa ya dada, na ilijulikana tangu mwanzo.

Ijumaa tulikula kuku na chapati, tukanywa soda, simu imeegemezwa kwenye sufuria ili wote waone mahafali. Jina la dada liliposomwa, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Baba mkubwa alikuwa amekuja na mrija wake mrefu wa malwa, kwa mazoea. Aliuegemeza ukutani, akapokea soda yake, akainywa chupani. Hakuna aliyemwomba radhi kwamba malwa haikuwepo. Mimi ndiye niliyemwongezea ya pili.