Mama Anachagua Roshani

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha meli ya watalii. Alisomea mambo ya hoteli Mwanza, akaenda kujaribu bahati Zanzibar, na huko wakala mmoja akamtafutia nafasi melini. Nyumbani kwetu Runazi tulijua tu kwamba yuko majini. Majirani wakimuuliza mama, alijibu, "Yuko kwenye maji," kwa sauti ileile ambayo mtu angesema mwanangu yuko Bukoba.

Siku moja akanitumia ujumbe. Kampuni inamruhusu mfanyakazi kumleta mzazi wake kwa nauli nafuu, safari fupi ya kutoka Durban hadi pwani ya Msumbiji na kurudi, na yeye ameshaomba kwa ajili ya mama. Pasipoti tushughulikie sisi. Kilichobaki ni kuchagua chumba. "Nimepewa nafasi ya chumba chenye roshani," aliandika. "Mwambie mama achague mwenyewe, maana mimi nikimchagulia ataniuliza kwa nini." Chini yake akaweka mchoro wa meli.

Nafundisha jiografia katika sekondari moja upande wa Nyarubungo, na ramani ni kazi yangu, lakini mwanzoni mchoro ule ulinishinda. Meli ilikuwa imepasuliwa kama sato anayeandaliwa kukaushwa, ghorofa moja moja, kila ghorofa imejaa visanduku vyenye namba, rangi hii na rangi ile. Nikapita stesheneri mjini Biharamulo wakanichapia kwenye karatasi kubwa, na Jumamosi nikapanda bodaboda hadi kwa mama.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia, nikatandaza karatasi juu ya mkeka na kuweka kopo la sukari kwenye kona moja ili upepo usiichukue.

"Roshani ndiyo nini?" aliuliza.

"Ni kibaraza kilichoning'inia nje ya chumba. Unafungua mlango wa kioo, unakaa kwenye kiti, unatazama bahari."

"Kila mtu na kibaraza chake?"

"Wale wenye vyumba vya namna hiyo, ndiyo."

"Na jirani anakuona?"

"Hapana, kuna ukuta katikati."

Akafikiri kidogo, vidole vikiendelea kutoa mawe kwenye maharage. "Basi hicho si kibaraza. Kibaraza ni cha watu kuonana."

Hata hivyo akasogea karibu. Kuanzia siku hiyo hadi siku tuliyotakiwa kutoa jibu, kila Jumamosi tulikuwa juu ya karatasi ile. Katikati ya wiki nilisoma mtandaoni yale wasafiri wanayobishana, kisha nikamletea. Wengine walionya usichukue chumba kilicho chini ya bwawa la kuogelea, kwa sababu alfajiri wahudumu huburuta viti juu ya kichwa chako. Wengine walisema usikae karibu na lifti, wala juu ya ukumbi wa muziki. Kuna roshani ambazo ukitoka nje huoni bahari, unaona tumbo la boti ya kuokolea watu iliyotundikwa mbele yako. Hilo lilimshangaza mama kuliko yote. Alinitaka nimwonyeshe boti hizo zilipo, akahesabu vyumba zilivyovifunika, akavitia msalaba kwa penseli yangu.

Halafu akauliza nchi kavu itaonekana upande gani. Nilifurahi, maana hilo nilikuwa na jibu lake. Nikamchorea pwani ya Afrika nyuma ya karatasi.

"Mkitoka Durban mnakwenda kaskazini, nchi iko kushoto. Mkirudi, iko kulia."

"Kwa hiyo aliyeikosa kwenda ataipata kurudi," alisema. "Hapo hakuna cha kugombea."

Mama mkubwa, dada yake mama aliyeolewa Mugoma kule Ngara, alikuja kukaa nasi siku chache aliposikia habari. Yeye ndiye mkubwa wao, na katika ukoo wetu jambo kama hilo halikatwi bila yeye. Nikamwamkia, "Shikamoo mama mkubwa," akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye karatasi. Alikuwa ameshaanza kukagua.

"Milango ya kutokea iko wapi?"

Nikamwonyesha, huku chini.

"Basi achukue cha huku chini. Wakati ule tunavuka Busisi kwa kivuko, mimi nilisimama karibu na mlango mwanzo mpaka mwisho. Maji hayana adabu."

"Huko chini hakuna vibaraza, dada," mama akasema.

"Umekuwa na kibaraza hapa maisha yako yote. Kimekuzuia kukitamani kingine?"

Walicheka wote wawili, lakini kila mmoja alibaki na lake. Mimi nilikuwa na langu pia. Karibu waandishi wote niliowasoma walikubaliana juu ya jambo moja: chumba bora ni cha katikati ya meli, si juu sana. Nikachukua mwiko, nikaulaza juu ya ukingo wa sufuria uning'inie sawasawa, nikabonyeza ncha yake. Ncha ikashuka sana, ncha ya pili ikapanda, katikati pakatulia. "Mawimbi yakija ndiyo hivi," nikawaambia. Mama alibonyeza mwenyewe mara kadhaa, akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani tumemaliza.

Jioni hiyo mdogo wangu akapiga simu, meli ikiwa bandarini. Nikaweka sauti ya juu tusikie wote. Mama alimweleza alipofikia, vyumba alivyovitia msalaba na kwa nini, na mdogo wangu akawa anacheka na kumsifu. Kisha mama akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo:

"Na wewe chumba chako ni namba ngapi? Nikitafute."

"Mimi simo kwenye huo mchoro, mama."

"Humo vipi?"

"Huo ni wa wageni. Sisi tuko chini yake. Hawatuchori."

"Chini ya ghorofa ile ya kwanza kabisa?"

"Ndiyo. Usawa wa maji, au chini yake kidogo."

"Dirisha unalo?"

"Sina. Lakini kuna kiyoyozi, na tunalala wawili tu. Wengine wanalala wanne."

Mama mkubwa alishika kidevu. Mama aliinama karibu na simu. "Sasa jua unaliona wapi?"

"Mbele kabisa ya meli kuna uwanja wa wafanyakazi, uko wazi. Nikitoka zamu alasiri napanda pale napunga upepo."

Mama akanitazama. Nilijua ananiuliza nini. Nikapitisha kidole kwenye mchoro hadi kwenye pua ya meli, mahali palipoachwa peupe bila neno, na juu yake, ghorofa kadhaa, kulikuwa na vyumba vichache ambavyo roshani zake hazikutazama ubavuni bali mbele.

"Kuna vinavyotazama hapo," nilisema.

"Hivyo hapana, mama," mdogo wangu akasema haraka. "Mbele kunarusha. Wageni wazoefu hawavitaki. Utatapika."

"Nilipokuwa na mimba yako nilitapika mpaka watu wakaja kuniaga," mama akajibu. "Niandikie hicho cha mbele."

Nilijaribu tena habari ya mwiko. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mchungaji anapohubiri kwa muda mrefu. Mwiko aliuelewa vizuri. Ila chumba alikuwa ameshachagua.

Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Mwanza. Busisi kivuko hakipo tena, basi lilipita juu ya daraja, na mama alibaki ameegemeza paji la uso kwenye kioo akitafuta maji chini. Alivaa sweta na juu yake kitenge cha njano alichonunua kwa safari hiyo. Nilimtazama akipotea upande wa ukaguzi, na kwa kweli nilikuwa na wivu kidogo. Nilikuwa nimejifunza meli ile hadi ngazi zake, na anayekwenda kuiona si mimi.

Aliporudi nilichukua ruhusa shuleni nikaenda kumsikiliza. Mama mkubwa alikuwa amefika kabla yangu. Nikauliza kila kitu. Harufu ya chumba ilikuwaje? Kama duka la sabuni. Kitanda? Kirefu, na shuka zimebanwa kiasi kwamba alilala juu yake siku ya kwanza kwa kuogopa kuzivuruga. Mlango wa roshani? Mzito, na ukiufungua upepo unapiga mluzi chumba kizima.

Na kweli palirusha. "Ni kama kubebwa mgongoni na mtu anayekimbia," alisema. Alitapika, akalala sakafuni kwa sababu sakafu ilimtia moyo kuliko kitanda. Hakuona nchi kavu, si kushoto wala kulia.

Kesho yake alasiri alijikokota hadi nje, akashika chuma cha roshani. Chini mbele yake palikuwa na ule uwanja mweupe, kamba nene zimeviringishwa, na watu wachache wenye sare wamekaa juu ya vyuma. Mmoja akasimama na kuanza kutazama juu, roshani moja baada ya nyingine, akikosea ghorofa. Mama aliita, upepo ukalirudisha jina mdomoni. Akafungua kitenge chake akakipunga.

"Akaniona," alisema.

"Mkaongeaje sasa?" nikauliza.

Mama akatuonyesha. Mdogo wangu alipeleka vidole mdomoni: umekula? Mama akashika tumbo na kupunga mkono: hapana. Basi yule kijana akainua kidole kimoja, ngoja, akaingia ndani mbio. Baada ya muda mhudumu wa chumba akagonga mlango na sahani ya matofaa ya kijani na biskuti kavu, akamwonyesha kwa ishara ale polepole. Mama hakuwahi kula tofaa la kijani. Lilikuwa kali kama ndimu, na lilitulia tumboni.

Kila alasiri waliongea hivyo, kwa mikono. Watu wa chumba cha kufulia hawaruhusiwi kutembea kwa wageni bila kibali, na kibali mdogo wangu alipewa kimoja tu, cha asubuhi ya mwisho, meli ikiwa imeshafunga gati Durban, ili aje kumbebea mama mzigo.

Aligonga mlango. Mama alisema mwanawe alikuwa amekonda, lakini si kwa ubaya. Wakasalimiana sana. Kisha mdogo wangu akaona mlango wa kioo, akauliza kama anaweza kutoka nje. Alikuwa amefanya kazi kwenye meli ile kwa mkataba mzima na hakuwahi kusimama kwenye roshani ya mgeni. Akaweka mikono juu ya chuma, akatazama chini kwenye ule uwanja wao.

"Tunaonekana wadogo," alisema.

"Nilikuona vizuri tu," mama akamwambia.

"Mlikaa hapo muda gani?" nikauliza.

"Si mrefu. Alikuwa na kazi. Shuka zote za meli zinatolewa siku ile, wageni wengine wanakuja mchana." Mama alijifuta mikono kwenye kanga. "Nikamwambia hizi zangu tuzitoe wote. Yeye akashika huku, mimi huku. Ana haraka, huyo. Anazikunja ukiwa bado unatafuta pindo."