Waya Uliokuwa Chini ya Kiti: Miono Hadi Bagamoyo Kutafuta Leseni

Zahanati yetu ya Miono ililetewa pikipiki ya kufuatia watoto wa chanjo vijijini. Ikakaa stoo chini ya turubai, kwa kuwa sisi watumishi watatu hakuna aliyekuwa na leseni. Kisha ikaja simu kutoka wilayani: ikifika Jumatatu hakuna aliyefaulu jaribio la udereva, pikipiki itahamishiwa zahanati nyingine. Kina mama wa vitongoji vya mbali hutembea nusu siku na watoto mgongoni ili wapate sindano moja. Mimi ndiye nesi wao. Basi nikaingia barabarani.

Kuendesha nilikwisha kufundishwa na Mjomba Kondo, bodaboda wa miaka kumi na minne, mwenye kovu kidevuni alilolipata kwenye mchanga wa Saadani. Kwa ambaye hajawahi kupanda, nieleze: pikipiki ina breki mbili. Ya nyuma unaikanyaga kwa mguu wa kulia. Ya mbele unaiminya kwa vidole vya mkono wa kulia. Somo la kwanza la mjomba lilikuwa fupi.

“Hii ya mguu ndiyo breki. Hii ya mkononi ni ya kufa. Usiiguse.”

Sikuigusa hata siku moja. Nilimwamini kama ninavyotaka mama aniamini ninapompimia mwanawe dozi.

Saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi, nilimkuta mjomba anaifuta pikipiki yake ambayo ningefanyia jaribio. Kibao cha L, cha dereva mwanafunzi, kilikuwa kimefungwa nyuma kwa mpira.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umekunywa chai? Usije ukaanguka kwa njaa wakasema nimekufundisha vibaya.”

Nikashika usukani, naye akapanda nyuma. Njia ya vumbi mpaka Mandera niliijua. Lami ndiyo ilinitisha, kwa malori yake yanayokupita na upepo unaokusukuma kando. Tulipokunja Msata kuelekea Bagamoyo, mabega yakaanza kulegea. Niliona hata mashamba.

Saa mbili na nusu, Kiwangwa, mtu alivuka ghafla akisukuma baiskeli yenye matenga mawili ya mananasi. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Tairi la nyuma likajifunga, mkia ukayumba kulia na kushoto, tukaburuzika mpaka nikaweza kunusa mananasi. Tulisimama ikiwa imebaki shubiri moja.

“Dada, unanunua au unaniua?” akapiga kelele yule bwana.

Mjomba akanipiga begani kwa furaha. “Umeona? Ungegusa ya mbele, saa hizi tungekuwa hewani.”

Moyoni nilijisifu.

Saa nne, Bagamoyo, tulifika kwenye kiwanja cha lami ambapo chuo cha udereva huandaa watu kabla ya trafiki kuja mchana. Darasa la alama za barabarani nilikuwa nimelimaliza wiki zilizopita. Tulikuwa watahiniwa tisa, kila mmoja na pikipiki aliyokuja nayo. Mwalimu wetu, Bi Mwanahamisi, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumtosha mtu mara mbili yake. Alichora mstari kwa chaki, akaweka koni mbili mbele ya mstari huo, akasimama hatua chache nyuma ya koni.

“Njoo kwa mwendo. Kwenye mstari, simama.”

Nikaja. Nikakanyaga. Mstari ukapita chini yangu, koni zote mbili zikaruka, nikasimama mbele ya viatu vyake.

“Bi Nesi, nimekupa mstari, wewe umenifuata mpaka miguuni!”

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliinama, akaminya mkono wa breki ya mbele. Ukalala mpaka kwenye usukani, mwepesi, kama kidole kilichovunjika.

“Waya wake uko wapi?”

Nilimgeukia mjomba. Bila aibu yoyote alifungua kiti, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani yake waya wa breki ulikuwa umeviringishwa vizuri, na kupakwa mafuta usishike kutu.

“Niliutoa makusudi,” alisema kwa upole. “Mtu akiogopa, vidole huenda vyenyewe. Nilikuwa nakulinda, mwanangu.”

Nilikaa chini palepale kwenye lami. Nilikuwa nimetoka Miono na nusu ya breki nimeikalia. Niliyaona tena yale matenga, na uso wa yule bwana, na kile kishubiri kimoja nilichodhani ni ustadi wangu. Wenzangu waliendelea kucheka.

“Msicheke,” alisema Bi Mwanahamisi. “Kila mtu aminye yake.”

Kicheko kilikatika. Katika pikipiki tisa, sita hazikuwa na breki ya mbele. Moja haikuwa na hata huo mkono wenyewe.

Mpaka adhuhuri tulikuwa tunafunga nyaya na kujifunza upya. Bi Mwanahamisi aliniuliza, “Ukibeba ndoo kichwani ukasimama ghafla, maji yanamwagikia wapi?”

“Mbele.”

“Na uzito wako unakwenda hukohuko. Tairi la mbele ndilo linalokandamizwa, ndilo linaloshika barabara. Kwenye mchanga na kwenye kona, mjomba wako yuko sahihi: mkono uwe mwepesi. Lakini lami kavu, usukani umenyooka, tumia zote mbili. Minya taratibu, kama ule mpira wa kupimia presha.”

Mara ya kwanza vidole vilikataa kabisa. Mara ya pili nilifumba macho, akanigombeza. Mara ya tatu pikipiki iliinama kidogo mbele, ikatulia kabla ya mstari, kimya. Nilishtuka kuliko nilipozigonga zile koni. Kumbe kusimama kunaweza kuwa kitu chepesi hivi!

Saa nane trafiki alikuja. Akanizungusha kwa mchoro wa namba nane, akaniuliza alama, akanisimamisha ghafla mara mbili. Akasaini fomu. “Umefaulu. Nenda kachanje watoto.”

Saa kumi jioni, Kiwangwa tena. Niliangalia kioo, nyuma hakuna mtu. Nikamwambia mjomba ashike vizuri, nikaminya na kukanyaga pamoja. Tukasimama. Hakuna aliyeruka hewani.

“Rudia,” akasema mjomba.

Nikarudia.

Akashuka, akasimama kando ya barabara, akaanza kukunja vidole. “Shabani nimemfundisha mimi. Mwinyi. Wale mapacha. Yule binti wa mwenye duka...” Vidole vya mikono yote viliisha. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mjomba anaogopa. “Wote niliwatolea waya kwa mkono wangu.”

Wewe unayeanza, usione aibu: kabla ya kuwasha, minya breki zote mbili, hata kama aliyekukabidhi pikipiki anakupenda sana. Mimi nilipendwa, na sikuminya.

Tulipoingia Miono, sikuruhusiwa kwenda nyumbani. Mjomba alinielekeza kijiweni, kwa bodaboda aliowafundisha. Vijana wakashangilia kuniona. Mjomba hakupokea mkono wa mtu.

“Zimeni pikipiki,” alisema. “Nani ana spana?”