Panya Aliyekataa Kulala Chali

Nikiwaambia kwamba nilijilaza chali kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya shangazi, mchana kweupe, mbele ya wanywaji wa pombe ya kimpumu, ili nione kama ninaweza kujigeuza, mtanicheka, na sina haki ya kuwazuia, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile najifunika shuka usoni ingawa niko chumbani peke yangu.

Kazi yangu ni kujaza fomu za mizigo kwa wakala mmoja hapa mpakani Tunduma, ambako ukikosea namba moja lori linakwama na dereva anakulaani kwa Kibemba siku tatu, kwa hiyo nimezoea kukagua kila kitu mara nne (mlango, jiko, hata jina langu mwenyewe). Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia atapasuliwa ngiri na atapewa dawa ya usingizi, usitegemee atatulia. Nikaanza kusoma kwenye simu. Shule niliishia kidato cha nne, mambo ya ubongo nimejifundisha mwenyewe, na huko ndiko nilikokutana na wale panya.

Wanasayansi wamewabadilisha kijisehemu kidogo sana cha urithi wao, kile kinachotengeneza vitasa fulani vya ubongo ambamo pombe na baadhi ya dawa za usingizi huingia kama ufunguo. Wanawapa dawa, kisha wanawalaza chali. Panya wa kawaida anabaki hivyo hivyo, miguu juu. Aliyebadilishwa halali upesi. Anajigeuza, anasimama, anawatazama. (Hilo la kuwatazama halikuandikwa, niliongeza mimi.) Tangu hapo nikifumba macho namwona, mweupe, kimya, ananitazama kama ndugu yake. Kwa sababu marehemu babu yangu alisifika Ileje nzima kwamba pombe haimlevyi, na nikajiuliza, je, kama damu yake ndiyo hii yangu, si nitalala pale mezani macho yamefungwa, mdomo hausogei, nakisikia kisu kinavyopita?

Ningemuuliza daktari tu, yangeishia hapo. Nikaamua kujipima kwanza.

Sikuwahi kuonja pombe maishani (mama ni mlokole, anaongoza kwaya), hivyo nilipanda gari hadi Isongole, hukohuko Ileje, kwa shangazi, dada wa baba, ambaye anapika kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa moto kwa mrija, na kukiuza uani kwake.

"Shangazi, naomba kimpumu."

"Wewe? Mama yako anajua?"

"Ni mambo ya hospitali, shangazi."

Akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa linalofuka moshi, mrija umechomekwa. Nikavuta. Kopo la kwanza, hakuna kitu. La tatu, hakuna kitu. La sita, wazee waliokuwa pembeni na makopo yao walishaanza kuimba na mmoja anasinzia, mimi kichwa kimenyooka kama rula. Ndipo nikajilaza chali kwenye mkeka, nikahesabu hadi thelathini, nikajigeuza na kusimama bila kuyumba hata kidogo.

Nyimbo zilikatika. Mzee mmoja akaushusha mrija wake, akasema kwa sauti ya chini, "Babu yake alikuwa anasimama hivyohivyo."

Nikapanda gari la kurudi Tunduma, namwona panya hata macho yakiwa wazi.

Asubuhi ya upasuaji tulikuwa wanne wodini tunaosubiri zamu ya kupasuliwa, wote tumefunga kula tangu jana yake. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza. Nesi akaniuliza kama natumia pombe, nikamweleza yote, babu, makopo sita, mpaka panya. Akamwita daktari, daktari akamwita mtaalamu wa dawa za usingizi, wakasimama miguuni pangu wakinong'ona, nikasogezwa kuwa wa mwisho. Kitanda cha jirani nikasikia mgonjwa anamwambia mkewe, "Sogeza kiti huku. Huyo halalagi." Mama alikuwa mlangoni na chupa ya chai, midomo inatetemeka, sijui anaomba au analia.

Shangazi akaingia, amekuja kuniona. Daktari akamuuliza, "Mama, huyu alikunywa kimpumu kiasi gani?"

"Kimpumu? Alikunywa togwa!" Wodi nzima ikageuka. "Mtoto wa kilokole, anakwenda kupasuliwa, nimpe pombe, nina wazimu? Nilimpashia togwa moto nikamwekea mrija afurahi. Mara analala chini, mara anaamka, tukasema basi, ngiri imempanda kichwani!"

Walicheka, jamani. Aliyepasuliwa jana yake alishika tumbo akilia, "Nihurumieni, mshono wangu!" Daktari alijificha nyuma ya faili, mabega yanaruka. Hata mama alicheka, na hapo nilipona nusu.

Waliniingiza saa nane mchana. Dawa ilipoingia nilianza kuhesabu, namba sita siikumbuki. Nilipoamka sikuwa nimesikia kisu wala sauti, nikamshika nesi mkono nikimshukuru kwa machozi.

"Ulilala vizuri," alisema. "Macho tu yalikuwa wazi, dawa hiyo huwafanya watu hivyo." Akanifunika vizuri. "Ila tulikurudisha chali mara mbili. Ulikuwa unajigeuza."

Nimeapa kwamba la daktari nitamuuliza daktari, na kopo la shangazi nitaliuliza lina nini kabla sijaweka mdomo. Ila usiku nalala ubavu, na ubavu huo nimeukagua mara nne.