Jogoo Aliyepima Tetemeko

Enzi zetu tetemeko la ardhi lilikuja bila hodi, na siku ile lilitukuta kanisani Kiogoro, Sabato asubuhi, sisi watoto tukiwaza ndizi zilizobaki kwenye chungu nyumbani.

Kwanza mabati yaligongwa mara moja, kana kwamba ng'ombe amejikuna ukutani. Tukacheka. Baba Mdogo Ondieki hakucheka. Wiki ile alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Makori, mzee wa kanisa, na sasa aliona mwisho wa dunia umefika. Akasimama, akatubu kwa sauti: jogoo mwekundu wa Mzee Makori hakuliwa na kicheche, yeye ndiye aliyemla. Tena, kofia ya mchungaji haikupeperushwa na upepo. Alipofungua kinywa kwa dhambi ya tatu, mtikisiko mkubwa ukaja, ukatuyumbisha sote, ukamwangusha kwenye mapaja ya akina mama wa kwaya.

Kisha ardhi ikatulia. Dunia ilikuwepo. Mzee Makori naye alikuwepo.

Nje, posa ilikuwa ikikata roho. Kemunto, mchumba mwenyewe, alilia na kucheka kwa pamoja. Mwalimu wetu, ambaye hakuweza kuona kitu bila kukifundisha, alitupanga mstari akamsukuma wa nyuma. Msukumo ukakimbia hadi kwa wa mbele, naye akatumbukia kwenye michai. Hilo, alisema, ni wimbi la kwanza, lenye mbio. Kisha akatikisa kamba ya ng'ombe ikajipinda kama nyoka: hilo ni la pili, huja likijikokota, na ndilo linaloyumbisha. Yote mawili huondoka pamoja, lakini safari ikiwa ndefu, la pili huachwa nyuma sana.

"Ondieki amemaliza dhambi mbili kati ya wimbi na wimbi," alisema. "Chanzo kiko mbali, huko Bonde la Ufa. Kingekuwa hapo Nyakoe, hangemaliza hata jogoo."

Mzee Makori akauliza kama matetemeko mengine yanakuja. Mwalimu akajibu kwamba madogo huenda yakafuata.

"Basi na amwoe binti yangu," Mzee akasema. "Nataka akae karibu. Ile dhambi ya tatu hajaisema."

Shule niliiacha mapema, nikazurura miji mingi, na katika kuzurura nikaiona mashine ya kupimia matetemeko. Ni uzito ulioning'inizwa: kila kitu kikitikisika, wenyewe hutulia, na kalamu inachora. Nilicheka peke yangu. Ule uzito ulikuwa Mzee Makori kabisa, kanisa zima likiruka, yeye ametulia anasikiliza.

Leo ardhi ikicheza, vijana hutazama simu iwaambie kama wametikisika. Hatubu mtu. Lakini Mama Mdogo Kemunto, akisikia mabati yamegongwa, huweka kikombe chini, akakitazama kiti cha marehemu mumewe, akangoja wimbi la pili. Ile dhambi ya tatu, mumewe alikwenda nayo kaburini.