Mizani ya Delbert Unruh

Kwa miaka thelathini na mmoja Delbert Unruh alipima malori yaliyotoka na ngano kwenye ghala la ushirika, magharibi mwa Kansas, na hakuna aliyewahi kumchezea. Msimu mmoja wa mavuno alimzuia ndugu yake wa tumbo moja kwa sababu lori lake lilizidi kwa ratili hamsini tu, na mawingu ya mvua yameshatanda. Ndugu yule alimnunia hadi Krismasi. Delbert hakujali. Alisema mizani haina shemeji wala ndugu, na watu wakambandika jina la Ratili.

Alipostaafu, mkewe Oleta, ambaye hakuwa na kawaida ya kuomba, aliomba kitu kimoja: kuiona bahari. Alikuwa na miaka sitini na minane na maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Delbert akanunua trela la kulala, lenye kitanda na jiko, la kukokota kwa pikapu yake mpaka Oregon. Wakapanga kuondoka baridi itakapoisha. Ghafla mwezi wa tisa Oleta akageuza maneno.

"Twende mwezi ujao," alisema, "kabla theluji haijafunga njia za milimani."

"Bahari haihami, Oleta."

"Najua haihami. Twende tu."

Delbert alikubali, kwa sharti kwamba hatapanda milima ile na gari lililozidi hata ratili moja. Wengine wangecheka. Aliyemuuzia trela alimwambia pikapu ile inavuta ratili elfu tisa, basi ana wasiwasi gani?

"Kuvuta ni kuvuta na kubeba ni kubeba," Delbert alimjibu. "Ng'ombe huvuta plau siku nzima. Hebu mkalie mgongoni na mkeo na sanduku lako la zana, uone."

Alisema kweli. Shingo ya trela hulalia nyuma ya gari, na uzito huo huhesabiwa pamoja na watu na kila kilichopakiwa. Kwenye fremu ya mlango wa dereva palikuwa na kibandiko ambacho wenye magari wengi hawakisomi hata siku moja: watu na mizigo visizidi ratili 1,380. Shingo ya trela peke yake ilikula karibu nusu.

Basi Delbert akakaa mezani na penseli. Alipima kila kitu kwenye mizani ya bafuni, kuanzia jenereta hadi viatu vyake vya mvua. Alipofika kwa mkewe aliuliza aandike ngapi.

"Andika mia na sabini, kama siku zote," Oleta alisema, na hakugeuka kutoka kwenye sinki.

Hesabu ilizidi, ikabidi vitu vitoke. Delbert alijiandaa kwa vita, maana Oleta na vyombo vyake walikuwa kama chanda na pete. Lakini yeye alitoa sufuria za chuma bila neno, akatoa cherehani, akatoa sanduku zima la nguo. Nyingine aligawa kanisani kabisa. Delbert alifurahi, akamsifu kuwa uzeeni amepata akili ya safari. Alimsifu pia kwa kupungua mwili, kama walivyomsifu majirani. Oleta alisema ameacha sukari.

Asubuhi ya safari walipita ghalani kupima. Pikapu ilikuwa imeshapimwa tupu, tangi likiwa limejaa. Sasa Delbert aliiweka juu ya mizani, trela likabaki nje ya mizani limefungwa nyuma yake. Kendra, mwanamke aliyerithi kazi yake, alitoa ule uzito wa gari tupu, akamsomea namba dirishani.

"Elfu moja mia tatu na arobaini, mzee Ratili. Bado una nafasi ya arobaini. Nendeni salama."

Delbert hakuliondoa gari. Karatasi yake ilisema 1,380 kamili, na yeye hakuwahi kukosea kwa arobaini. Mizani hii aliijua kama kiganja chake, ilisoma kwa kumi kumi na haikudanganya. Alipitia orodha tena. Kila kitu alikipima kwa mkono wake isipokuwa kimoja.

"Shuka kidogo, mke wangu."

"Si amesema hatujazidi? Twende zetu, Del."

"Shuka."

Alishuka polepole, akasimama kwenye kokoto amejifunga koti. Kendra akasoma tena. Namba ilikuwa imeshuka kwa mia na thelathini.

Delbert akazima gari, akamfuata. Alishindwa kumtazama usoni. Alikuwa amelala ubavuni mwa mtu huyu kila usiku, na ilibidi mizani ndiyo imwambie.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne. Ni saratani ya kongosho."

"Ulisema umeacha sukari."

"Niliacha kweli. Hapo sikudanganya."

"Daktari amesemaje?"

"Amesema nisipange jambo la mwakani." Oleta alimshika mkono wa koti. "Ningekwambia ungenilaza kitandani, ukaanza kunipimia uji kwa ratili. Nilitaka kwanza niione bahari. Tunarudi nyumbani?"

Delbert alimfungulia mlango, akamshika kwapani kumpandisha, na mikono yake ikahisi wepesi ule ambao macho hayakutaka kuuona. Akamfunga mkanda mwenyewe.

"Mzee," Kendra aliita dirishani, maana hakuwa amesikia lolote, "zile arobaini zimebaki bure. Hamna kitu cha kuongeza?"

"Hamna," Delbert alisema, akaingia garini, akashika njia ya magharibi.