Kidole Kilichoota Dimbwini

Usiponiamini, sawa, nimechoka kubishana. Lakini haya yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu timamu.

Nilikuwa fundi cherehani mjini, pale Kanyenye. Wakati wa Ujamaa tukapakiwa kwenye lori hadi kijiji kipya, upande wa Igalula, na kila mtu akakabidhiwa jembe. Tulitakiwa kufyatua tofali za ghala la kijiji, na udongo mzuri ulikuwa kwenye dimbwi lililokauka. Wenyeji wakatuambia, "Chimbeni pembeni. Katikati waachieni wenyewe." Sisi watu wa mjini tukacheka. Wenyewe gani, kwenye tope kavu?

Tukachimba katikati. Jembe la mwenzangu likateleza, likaondoka na kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto. Walipomaliza kunifunga jeraha, kidole kilikuwa kimeshachanganywa na udongo wa tofali. Fundi huongoza nguo kwa kidole hicho. Nililia, sioni haya kusema.

Mvua za kwanza zikalijaza dimbwi, na baada ya wiki chache likajaa samaki wadogo wekundu. Walitoka wapi, na mto uko mbali? Mayai yao hulala topeni kiangazi kizima, yakisubiri maji. Siku moja nilikwenda kuosha kidonda, nikamkuta mama mmoja amechuchumaa ukingoni. Mvua inanyesha, kanga yake kavu. Naapa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kidole kimekwenda wapi?"

Nikamweleza. Akachota samaki mmoja kiganjani, akamkata mkia kwa kucha, akamtia kwenye kibuyu changu cha maji. "Mwangalie huyu. Mkia wake ukirudi, nawe rudi."

Siku ya nne paliota ngozi nyembamba, kama utando wa maziwa. Wiki ya tatu mkia ulikuwa mzima, huoni hata ulipokatwa. Nilirudi mbio. Yule mama akanishika mkono, akauzamisha majini. Kiganja chake kilikuwa laini, hakina mstari hata mmoja.

"Unataka nini?"

"Kidole changu."

Aliniuliza mara tatu, nikajibu hivyo hivyo mara tatu.

Na kweli kikaota. Kwanza utando, kisha mfupa, mwisho ukucha. Mke wangu akaogopa, akaacha kula nami sinia moja. Mimi huyo, mbio kwenye cherehani niliyokuja nayo toka mjini. Mshono ukaenda kombo! Nikarudia, kombo tena. Kidole kilikuwa kichanga, hakijui nguo wala sindano. Ujuzi wangu wote wa miaka ulikuwa kwenye kile cha zamani, na cha zamani kimo ukutani mwa ghala.

Ningekifundisha, utasema. Nakifundisha. Lakini dimbwi likikauka, nacho hunyauka kikadondoka. Mvua zikirudi kinaota kingine, kichanga, hakijui lolote. Kila mwaka naanza na pindo, na kikishalijua pindo, kiangazi hicho kimefika. Nimezeeka hivyo, ndugu yangu. Tangu jana mawingu yanatanda na mkono umeanza kuwasha.

Basi nawe, ukipotewa na kitu, akatokea mtu wa kukuuliza unataka nini, usikurupuke. Mimi nilitaka ufundi wangu. Nikaomba kidole.